Malkia Atossa na swali la "nimebakiza muda gani?"

Karibu na mwisho wa The Emperor of All Maladies, kitabu cha Siddhartha Mukherjee kuhusu historia ya saratani, kuna kurasa chache ambazo nimezirudia mara nyingi kuliko kitabu chenyewe. Mukherjee ni daktari bingwa wa saratani. Kitabu kilitoka 2010, mwaka uliofuata kikapata tuzo ya Pulitzer, na kwa mamia ya kurasa anatuzungusha maabara, vyumba vya upasuaji na ofisi za wakubwa wa Marekani. Halafu ghafla anaanza kucheza. Anamchukua Atossa, malkia wa Uajemi, ambaye Herodotus aliandika kwamba aliota uvimbe kwenye titi, akauficha kwa aibu, mpaka mtumwa wa Kigiriki aitwaye Democedes akamtibu. Mukherjee anamng'oa malkia huyu kwenye mwaka 500 kabla ya Kristo na kumsafirisha katika karne zote, titi lake na uvimbe wake uleule.

Kila kituo anachoshuka, anapewa tiba ya zama hizo. Anapita kwa waganga wa kale wanaosema nyongo nyeusi imezidi mwilini. Miaka ya 1890 anamkuta William Halsted kule Baltimore, anakatwa titi, misuli na kila kilicho karibu. Baadaye inakuja mionzi, dawa za kemo, tamoksifeni, vipimo vya vinasaba. Karne zinavyosogea, ndivyo na miaka yake ya kuishi inavyoongezeka. Msomaji anaanza kutabasamu. Halafu Mukherjee anageuza kibao: je, kama Atossa angekuwa na saratani ya kongosho iliyokwisha kusambaa? Msafirishe utakavyo, miaka 2500 yote, utamwongezea miezi michache tu. Malkia ni yuleyule na safari ni ileile. Kilichobadilika ni mahali saratani ilipoanzia.

Ninazipenda kurasa hizi kwa sababu zinafanya jambo ambalo maelezo ya daktari, vipeperushi na hata vitabu vizuri hushindwa kulifanya. Sote tumeshaambiwa kwamba saratani si ugonjwa mmoja. Tunaitikia kwa kichwa, kisha tunarudi kusema "ana kansa" kana kwamba tumemaliza. Mukherjee halirudii somo hilo, anatuonyesha tu mwanamke mmoja mwenye majaliwa mawili.

Niseme kidogo kuhusu maneno, maana blogu hii ni ya watu wa maneno. Madaktari wana neno lao la Kigiriki kwa jambo hili la kujua mapema ugonjwa utaelekea wapi. Sisi tunayo mengi, na hakuna linalokaa sawasawa. "Utabiri" tumeshawapa watu wa hali ya hewa na wapiga ramli. "Ubashiri" una harufu ya mechi za Jumamosi. "Matarajio" yana matumaini ndani yake kabla mgonjwa hajapimwa. Mimi napenda "makadirio", neno la mtu wa ujenzi anayeangalia kiwanja na kusema hapa itakwenda mifuko kama mia hivi ya saruji. Fundi anayekadiria anajua kuna mvua, kuna wizi wa mifuko, kuna mwenye nyumba kubadili ramani katikati ya kazi. Ajabu ni kwamba namba hiyohiyo ikitoka kwa daktari na kufika sebuleni, haiwi makadirio tena. Inakuwa hukumu. Sikiliza vitenzi vyetu: "amepewa miezi sita." Amepewa na nani?

Katika fasihi ya ugonjwa, aliyelijibu swali hilo kwa umaarufu zaidi ni Stephen Jay Gould. Alikuwa mwanasayansi wa visukuku na mageuzi pale Harvard, na mwandishi wa insha hodari kwelikweli. Julai 1982, akiwa na miaka 40, aligundulika kuwa na mesothelioma ya tumboni, saratani adimu ya utando wa ndani ya tumbo ambayo mara nyingi huhusishwa na vumbi la asbesto. Alipomuuliza daktari wake asome nini, daktari akamjibu kistaarabu kwamba hakuna cha maana cha kusoma. Gould akaenda maktaba ya chuo cha udaktari na kuelewa kwa nini amejibiwa vile. Ugonjwa hautibiki, na mediani ya kuishi baada ya kugundulika ni miezi minane. Insha aliyoiandika, The Median Isn't the Message, ilitoka 1985 katika jarida la Discover. Yeye mwenyewe alifariki 2002, kwa saratani nyingine kabisa.

Hoja ya Gould ni ya msomaji makini, ndiyo maana naiweka upande wa fasihi. Wengi tukisikia "mediani miezi minane" tunasikia "nitakufa mwezi wa nane". Gould anasema hapana, isome sentensi tena. Panga wagonjwa wote kwenye mstari kuanzia aliyeishi muda mfupi hadi aliyeishi muda mrefu. Wa katikati ndiye aliyeishi miezi minane. Nusu walitangulia kabla yake, nusu wakaendelea baada yake. Na hiyo nusu ya pili inaendelea hadi wapi? Upande wa kushoto kuna ukuta, kwa sababu huwezi kuishi chini ya sifuri. Upande wa kulia ukuta hauko karibu, mkia unaweza kurefuka miaka na miaka. Kisha anajiuliza kama yeye ana sababu ya kuwa kwenye mkia: umri wake, ugonjwa kugundulika mapema, hospitali nzuri, tiba mpya ya majaribio. Anaona anazo.

Ni insha safi. Ila kinachonisumbua ni namna wasomaji wanavyoitumia. Imegeuzwa hirizi. Mtu akipata saratani ya aina yoyote anatumiwa insha ya Gould na ujumbe wa "usikate tamaa, namba si kitu." Gould hakusema namba si kitu. Alisema namba ni kitu kikubwa, ila moja haitoshi, nataka kuona zote. Na mkia wake mrefu ni wa ugonjwa wake. Kila saratani ina umbo lake, na msomaji wa riwaya anaweza kuyaelewa maumbo haya haraka kuliko anavyodhani. Saratani ya kongosho ni hadithi fupi: kati ya wagonjwa 100 wa Marekani, wanaokuwa hai baada ya miaka mitano ni kama 13 tu. Saratani ya korodani ina sura chache za mwanzo zenye vurugu, na ukizivuka, mstari unalala na kubaki hivyo. Ile ya tezi dume kwa wazee wengi hutembea polepole kiasi kwamba mwenye nayo huchukuliwa na jambo lingine. Ya titi, zile zinazolishwa na homoni, ndiyo riwaya isiyo na sura ya mwisho: miaka mitano inapita vizuri, kumi inapita, na bado inaweza kurudi mwaka wa 15 au 20. Kwa hiyo ile "miaka mitano" inayotajwa kila mahali kama mstari wa kumaliza mbio, kwa wengine kweli ni mwisho, kwa wengine ni kituo cha kunywa maji.

Mama yangu mdogo alikuwa fundi cherehani. Alipogundulika na saratani ya titi, hatua ya tatu, mjomba mmoja mwenye bando la kutosha aliingia mtandaoni, akaokota namba na kuibandika kwenye grupu la familia: miezi 18. Hakuna aliyeuliza namba hiyo ni ya kina nani. Baadaye binamu yangu muuguzi aliufungua ule ukurasa na kuona ulihusu saratani ya titi ya aina nyingine, iliyokwisha kufika kwenye maini, na wagonjwa waliotibiwa miaka mingi nyuma. Lakini mama mdogo alikuwa ameshaisoma. Wiki ileile alianza kurudisha vitenge vya watu. Alipita nyumba kwa nyumba na mfuko wa rambo, akisema samahani mama fulani, mtafute fundi mwingine, mimi sitamaliza. Cherehani akaiuza. Hiyo ni miaka tisa iliyopita. Alikatwa titi, akapata kemo na mionzi, akameza vidonge miaka kadhaa, na yupo, anauza maandazi ambayo hayapendi. Ukimuuliza atakwambia saratani haikumnyang'anya cherehani, ni ule ujumbe. Wala sisimulii hivi kama hadithi ya ushindi, kwa sababu ugonjwa wake ni wa ile riwaya isiyo na sura ya mwisho, na yeye anajua.

Hebu turudi vitabuni. Kinyume cha mama mdogo ni Lance Armstrong, na kitabu chake It's Not About the Bike cha mwaka 2000. Oktoba 1996, akiwa na miaka 25, aligundulika na saratani ya korodani iliyokwisha fika kwenye mapafu na ubongo. Kwa masikio yetu hapo mambo yamekwisha. Mapafu, ubongo, nani anapona? Yeye alipona, na kitabu kinasimulia kupona huko kama mbio nyingine za baiskeli: nia, hasira, kukataa kushindwa. Madaktari na wauguzi wanapewa heshima yao, lakini injini ya simulizi ni nia. Mimi ningempa nafasi kubwa zaidi sisiplatini, dawa yenye platinamu ambayo Lawrence Einhorn aliijaribu kule Indiana mwaka 1974 na kuigeuza saratani ya korodani iliyosambaa kuwa ugonjwa unaotibika. Armstrong alitibiwa Indiana hukohuko. Mwanamume mwenye nia mara mbili ya yake, akiugua mwaka 1965, angekufa. (Yaliyokuja kujulikana 2012 kuhusu ushindi wake wa baiskeli yanakifanya kitabu kiwe kigumu zaidi kukisoma, lakini udhaifu huu ulikuwamo tangu mwanzo.) Tatizo la kitabu cha aina hii ni kwamba kinamwachia mgonjwa wa kongosho lawama: kama yule alipona kwa kupambana, mimi ninayekwisha basi sikupambana.

Paul Kalanithi hana kosa hilo. When Breath Becomes Air ilitoka 2016, miezi michache chini ya mwaka tangu afariki akiwa na miaka 37. Alikuwa akimalizia mafunzo ya upasuaji wa ubongo pale Stanford alipogundulika na saratani ya mapafu, hatua ya nne. Huyu hakuhitaji mjomba wa kumtafutia namba. Namba zote alizijua, alikuwa amezitoa kwa wagonjwa wake mara nyingi, tena kwa uangalifu wa kuacha mlango wazi. Na bado alipokaa upande wa pili wa meza zilimpotea mkononi. Mantiki yake ni rahisi na inaumiza. Kama nina miezi mitatu, nikae na familia. Kama nina mwaka, niandike kitabu. Kama nina miaka kumi, nirudi chumba cha upasuaji. Nipeni namba nijue niishi vipi. Daktari wake, anayeitwa Emma kitabuni, anakataa katakata kumpa. Badala yake anamuuliza tena na tena ni kipi cha muhimu kwake.

Nilipokisoma mara ya kwanza nilimkasirikia Emma. Sisi tumezoea daktari anayemwita kaka mkubwa pembeni na kumnong'oneza, mgonjwa akabaki kusoma nyuso za watu. Nikaona na huyu ni walewale, kwa Kiingereza cha Stanford. Mara ya pili niliona tofauti. Kalanithi alikuwa na badiliko fulani la vinasaba kwenye uvimbe wake, lililomruhusu kutumia kidonge badala ya kemo, na wagonjwa wa namna hiyo hawakukaa vizuri kwenye mistari ya zamani ya saratani ya mapafu. Emma hakuwa ameficha jedwali. Jedwali la mtu kama huyu lilikuwa bado linaandikwa. Nguvu ya kitabu iko hapo: mtu anayejua kusoma kuliko wote anakabidhiwa ukurasa ambao nusu yake ni nyeupe. Kidonge kilimpa muda, akarudi kupasua, kikaacha kufanya kazi, na kitabu kikakatika, mkewe akakimalizia.

Mistari hiyo ninayoitaja huitwa mistari ya Kaplan na Meier, kwa majina ya wanatakwimu wawili walioieleza mwaka 1958. Ni ngazi inayoshuka, kila kidato ni vifo. Lakini juu yake kuna alama ndogondogo ambazo kwangu mimi ndizo fasihi yenyewe. Baadhi yake ni za watu ambao hawajulikani walipo. Hawakufa, kwa kadiri hospitali inavyojua, wala hawakurudi. Wanahesabiwa mpaka siku walipoonekana mara ya mwisho, kisha wanatolewa kwenye hesabu, kwa kudhani kwamba wao ni sawa na waliobaki. Kwenye nchi ambayo mgonjwa anapigiwa simu na kutumiwa barua, dhana hiyo inaweza kusimama. Kwetu, anayepotea ni nani? Ni aliyekosa nauli ya basi. Ni aliyeambiwa na wakwe ajaribu kwanza dawa za miti shamba. Ni aliyefia kijijini, akazikwa Alhamisi, na daftari la kliniki likabaki na tarehe yake ya Jumatatu inayofuata.

Hapo ndipo kurasa za Atossa, pamoja na mapenzi yangu yote kwazo, zinanipungukia. Mukherjee anamsafirisha malkia katika muda tu. Zikishafika zama za karibu, anasafiri kwenye mstari mmoja wa hospitali za Magharibi, na msomaji anaondoka akiamini kwamba mwaka ndio unaoamua. Sasa mshushe Atossa Handeni, mwaka huohuo aliokuwa akitibiwa Boston. Uvimbe uleule, aibu ileile ya kuuficha. Kinyama kinachukuliwa, majibu yanakaa wiki kadhaa, kipimo cha kujua kama unalishwa na homoni kinahitaji pesa nyingine, na mionzi iko mbali. Hajarudi nyuma hata mwaka mmoja, ila makadirio yake yamerudi miongo.

Mfano mzuri zaidi uko jirani. Mwaka huohuo wa 1958 Denis Burkitt, daktari wa upasuaji pale Mulago, Kampala, alichapisha maelezo ya uvimbe uliokuwa ukiota kwenye taya za watoto. Leo unabeba jina lake. Ni saratani yenye kasi ya kutisha, inaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, na kwa sababu ya kasi hiyohiyo dawa za kemo huikamata vizuri. Miaka ya 1960 baadhi ya watoto walipona kwa dozi chache tu, na mwaka 1967 kikaanza pale kituo kilichokuja kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda. Marissa Mika ameisimulia taasisi hiyo katika Africanizing Oncology cha 2021, kitabu ninachopenda kukisoma sambamba na Mukherjee, kwa sababu hakimruhusu msomaji kusahau umeme, nauli na wauguzi. Kampala ilisaidia kuufundisha ulimwengu kwamba saratani ya mtoto inaweza kupona kwa dawa. Leo, kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, katika nchi tajiri zaidi ya watoto 80 kati ya 100 wenye saratani hupona, na katika nchi nyingi maskini ni chini ya 30. Na mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi pale Mulago iliharibika, ikapita zaidi ya mwaka mmoja kabla ya mpya kuanza kazi. Mwanamke mwenye saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ikishasogea kidogo hutegemea mionzi, alibadilishiwa makadirio na kifaa kilichochakaa.

Simulizi zetu wenyewe bado hazijafika huko. Julai 2019 Kenya iliwapoteza Bob Collymore wa Safaricom, mbunge Ken Okoth na gavana Joyce Laboso ndani ya mwezi mmoja. Collymore alikuwa na saratani ya damu, Okoth ya utumbo mpana, magonjwa yasiyofanana kwa chanzo, kwa dawa wala kwa mwendo. Gumzo liliwafunga wote kwenye sentensi moja: saratani inatumaliza. Hofu ile niliielewa. Lakini ndiyo hofu inayomfanya mtu akae na uvimbe nyumbani, maana kama mwisho ni uleule, kipimo cha nini? Filamu zetu nazo zinaichochea: mhusika akitajiwa kansa dakika ya 70, dakika ya 85 tuko makaburini. Tulipitia haya kwenye maandishi ya UKIMWI. Riwaya kama Ua la Faraja ya William Mkufya, ya mwaka 2004, iliandikwa wakati utambuzi na kifo vilikuwa karibu sana, na ilifanya kazi yake kwa ukweli wa wakati ule. Kisha dawa zikaenea, watu wakaanza kuzeeka nayo, na ni wahusika wachache mno wa kubuni waliowahi kuzeeka nayo pia.

Mimi nasubiri riwaya ya Kiswahili yenye mhusika mwenye saratani anayeendelea kudaiwa kodi, anayegombana na jirani, anayekwenda kliniki kila baada ya miezi sita kwa miaka 11 na kila mara hali usiku wa kabla.

Kwa anayetaka kuanza kusoma: insha ya Gould ni ya kikombe kimoja cha chai, isome kwanza, na usiitume kwa mgonjwa kabla hujajua anaumwa nini hasa. Kalanithi ni wa siku mbili. Mukherjee ni mrefu, na kuna sehemu za siasa za Washington unaweza kuziruka bila dhambi, lakini usimruke Atossa. Mika mweke mwisho.